Kompyuta Imekufa, Diski Ingali Hai

Kompyuta mpakato ikifa, si lazima diski yake ife nayo. Kioo huvunjika, chai humwagika kwenye kibodi, bawaba hukatika, bodi kuu huungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Lakini ile diski ngumu iliyojificha pembeni ndani ya kijisanduku chake cha chuma, yenye picha za familia, hesabu za duka na tasnifu ambayo haijamalizika, mara nyingi haikuguswa. Wapo pia wanaoitoa ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa kompyuta imewekewa SSD, yaani hifadhi isiyo na sehemu inayotembea, ili iende kasi, na ya zamani ikabaki kwenye droo pamoja na chaja za simu zisizojulikana ni za nani. Kwa wote hao kazi ni moja: kuivalisha diski kasha lenye kebo ya USB, ikawa diski ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta yoyote.

Tofauti ya diski ya ndani na ya nje ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Diski nyingi za nje zinazouzwa zikiwa mpya kwenye boksi, zikifunguliwa, hukutwa na diski ya kawaida ya ndani, bodi ndogo yenye chipu, na plastiki. Siri yote iko kwenye chipu hiyo. Diski inazungumza lugha ya SATA, tundu la kompyuta linazungumza lugha ya USB, na chipu hukaa katikati kama mkalimani. Kampuni za Taiwan kama JMicron na ASMedia hutengeneza chipu hizi, na ndizo zinazopatikana ndani ya makasha mengi, hata yale yenye majina ya biashara ambayo hayajawahi kusikika popote. Anayenunua kasha tupu, ambalo dukani huitwa pia kava, ananunua mkalimani huyo na nguo yake.

Kabla ya kwenda dukani kuna mambo mawili ya kujua: umbo la diski na aina ya plagi yake. Maumbo yaliyopo leo yana historia ndefu. Diski ngumu ya kwanza ya kibiashara, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, ikawa na uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja iliyopigwa na simu nzuri ya leo ingeijaza. Kampuni ya Rodime ya Scotland ilileta diski ya inchi 3.5 mwaka 1983, na PrairieTek ya Marekani ikaleta ya inchi 2.5 mwaka 1988. Kampuni zote mbili ziliacha kutengeneza diski, vipimo vyao vimebaki. Diski ya inchi 3.5 ni ile ya kompyuta ya mezani, nzito, ukubwa wa kitabu kidogo. Ya inchi 2.5 ni ya kompyuta mpakato na huingia kwenye mfuko wa shati. Atakayechukua rula atashangaa, kwa sababu ile ya inchi 3.5 ina upana wa inchi 4 kamili, na ile ya 2.5 ina karibu milimita 70. Majina hayo yanakaribia upana wa sahani zilizo ndani, si wa kisanduku.

Unene nao una maneno yake. Diski za kompyuta mpakato za zamani zina milimita 9.5, nyingi za karibuni zina milimita 7, na baadhi ya zile za ujazo mkubwa hufika 12.5 au hata 15. Kasha lililotengenezwa kwa ajili ya milimita 7 halitafunga juu ya diski ya 9.5, hata likisukumwa kwa nguvu. Mwenye diski nyembamba hana tatizo: kasha la 9.5 huipokea, na kipande cha sponji kinachokuja na kasha hujaza nafasi iliyobaki.

Upande wa plagi, diski yoyote ya maumbo hayo mawili iliyotoka kwenye kompyuta ya miaka 15 iliyopita, ya mezani au mpakato, karibu hakika ni ya SATA. Mfumo huu uliingia mwaka 2003, na unatambulika kwa ndimi mbili bapa za plastiki zenye kona ya herufi L, moja fupi yenye mistari 7 ya kupitisha data, nyingine ndefu yenye mistari 15 ya kupitisha umeme. Diski ya SSD ya inchi 2.5 ina ndimi hizo hizo mahali pale pale, kwa hiyo kasha moja linazifaa zote mbili. Kabla ya SATA kulikuwa na IDE, yenye safu mbili za pini zinazosimama kama meno ya kitana: pini 40 kwenye diski ya mezani, 44 kwenye ya mpakato. Diski za IDE bado zipo kwenye maofisi na makabati ya watu, na makasha yake yanazidi kuadimika. Kwa hizo, kitu cha kutafuta ni kebo ya adapta yenye vichwa vitatu, SATA, IDE kubwa na IDE ndogo. Haina kasha, diski hukaa wazi mezani, lakini kwa kazi ya siku moja ya kuhamisha mafaili inatosha.

Kompyuta za miaka ya karibuni zimeleta umbo jingine kabisa, kipande chembamba kama kijiti cha bazoka kinachoitwa M.2. Kilichoandikwa 2280 kina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezea fedha, kwa sababu ndani ya umbo hilo moja kuna aina mbili zisizoelewana: moja ni SATA ile ile iliyobadilisha umbo, nyingine ni NVMe, ambayo ni lugha tofauti na yenye kasi zaidi. Dalili ya kwanza ni mikato kwenye ukingo wenye mistari ya dhahabu. Kipande cha SATA kwa kawaida kina mikato miwili, cha NVMe mara nyingi kina mmoja. Dalili hiyo si sheria, kwa hiyo maandishi ya lebo ndiyo ya kuaminiwa. M.2 ya SATA ikiwekwa kwenye kasha la NVMe pekee huingia vizuri, skrubu hufungwa, na kompyuta haioni chochote. Yapo makasha yenye chipu inayojua lugha zote mbili. Yana bei ya juu kidogo, na kwa asiye na uhakika ni bora kulipa ziada hiyo kuliko kurudi dukani kubishana.

Na ziko kompyuta ambazo hakuna cha kutoa. Mpakato nyingi za bei nafuu zina hifadhi ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi kuu, na MacBook za miaka ya karibuni ziko hivyo hivyo, tena data yake imesimbwa kwa ufunguo usiotoka ndani ya mashine. MacBook Air za kabla ya hapo zina kipande kinachotoka, lakini Apple walikipa plagi ya kwao isiyoingia kwenye kasha la kawaida.

Kinachowasumbua watu kuliko plagi ni umeme. Diski ya inchi 2.5 inatumia volti 5 tu, na USB nayo inatoa volti 5. Ndiyo maana kebo moja inatosha kuiendesha na kupitisha data kwa wakati mmoja. Ya inchi 3.5 inataka volti 5 kwa ajili ya chipu zake na volti 12 kwa ajili ya mota. USB ya kawaida haina volti 12. Kwa hiyo kasha la diski ya mezani lazima liwe na adapta yake ya ukutani, mara nyingi ya volti 12 na ampea 2, na lisilokuja na adapta ni la kurudisha. Adapta hiyo iwekewe alama siku ya kwanza. Plagi yake ya duara inaweza kufanana na ya chaja ya mpakato, na chaja hiyo hutoa volti 19 hivi. Diski haitasubiri kuelezwa tofauti.

Hata ndani ya volti 5 kuna mtihani. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500, la USB 3.0 linaahidi 900. Diski ya inchi 2.5 ikishazunguka hutumia kiasi cha wastani, lakini ule wakati wa kuanza, mota inapoziamsha sahani kutoka kusimama hadi mizunguko 5,400 kwa dakika, inaweza kudai karibu ampea nzima. Tundu dhaifu likishindwa, taa ya kasha huwaka, diski huanza kuvuma, hutoa mlio mdogo, hunyamaza, kisha huanza upya. Diski nyingi nzima zimetangazwa kuwa mbovu kwa sababu ya mlio huo. Kabla ya kutoa hukumu, kebo ndefu ibadilishwe kwa fupi. Kwenye kompyuta ya mezani, yatumike matundu ya nyuma yaliyo kwenye bodi kuu yenyewe, si ya mbele yanayopitia waya mwingine ndani ya sanduku. Ikishindikana bado, ipo kebo ya vichwa viwili vya USB, inayovuta umeme kutoka matundu mawili.

Kuhusu kasi hakuna mengi. USB 2.0, ya mwaka 2000, inapitisha kwa vitendo megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. USB 3.0, ya mwaka 2008, inayotambulika mara nyingi kwa plastiki ya buluu ndani ya tundu, ina uwezo mkubwa kuliko diski za sahani za kawaida. Diski ya mpakato iliyotumika itafika megabaiti 80 hadi 120 basi. Hiyo maana yake gigabaiti 100 za picha na video huhamishwa kwa robo saa au dakika 20 badala ya dakika 50. Bei za makasha ya aina hizo mbili zimekaribiana mno, na hakuna sababu ya kununua la USB 2.0 ila kama ndilo pekee lililobaki kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue siku hiyo. Tundu la kasha lenyewe liangaliwe: lile pana lenye sehemu mbili lililozoeleka kwenye makasha ya USB 3.0 hulegea upesi, na la Type-C hushika vizuri zaidi, ingawa umbo la Type-C peke yake si ushahidi wa kasi.

Kuitoa diski ni kazi ya dakika kumi kwa kompyuta zilizo nyingi. Mashine huzimwa kabisa, si kulazwa. Chaja huchomolewa, betri hutolewa kama inatoka, kisha kitufe cha kuwasha hubanwa kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Mpakato za zamani zina kifuniko kidogo chini kwa ajili ya diski peke yake; za karibuni hudai kifuniko chote cha chini kifunguliwe, na skrubu zake si za urefu mmoja, kwa hiyo zipangwe juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Mkono uguse kwanza chuma chochote ili kutoa umeme tuli. Diski huvutwa kwa kulala, kuelekea upande usio na plagi, bila kuinuliwa juu kwa ghafla.

Hapo kuna mtego mmoja ambao huwarudisha watu kwa fundi. Kwenye baadhi ya mpakato, hasa za HP na Dell za miaka iliyopita, diski hutoka ikiwa imevaa fremu ya chuma na kipande kidogo cha plastiki au utepe uliochomekwa mbele ya plagi. Kipande hicho ni cha kompyuta, si cha diski. Mwenye kukiona hudhani diski yake ina plagi ya ajabu isiyoingia kwenye kasha lolote. Kikivutwa taratibu hutoka, na ndimi za SATA huonekana nyuma yake. Baada ya hapo diski husukumwa kwenye kasha mpaka ikae, kifuniko hufungwa, na kazi ya bisibisi imekwisha.

Kazi yenyewe inaanza pale kebo inapochomekwa.

Diski iliyotoka kwenye kompyuta ya Windows huonekana kama herufi mbili tatu za hifadhi, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na sehemu ya mfumo, sehemu ya dharura, na pengine sehemu ya D iliyotengwa na mwenyewe. Ujazo utaonekana umepungua: diski ya gigabaiti 500 itasoma 465, na ya terabaiti 1 itasoma 931. Hakuna kilichoibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Mafaili ya mtumiaji yako kwenye folda ya Users, chini ya jina lililokuwa likitumika kuingilia. Huko Windows mpya itasema haina ruhusa, na itatoa kitufe cha kuendelea. Kibonyezwe na isubiriwe, kwani kubadilisha umiliki wa maelfu ya mafaili huchukua dakika kadhaa. Programu zilizokuwa zimewekwa kwenye mashine ya zamani hazitafanya kazi kwa kunakili folda zake. Kilichookolewa ni mafaili, si Word.

Wakati mwingine kompyuta hutokeza kisanduku cha maneno kikisema kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kisanduku hicho kina adabu ya karani na madhara ya moto. Kinachomaanishwa ni kwamba Windows haikuelewa mpangilio wa mafaili iliyoukuta, na sababu zake ni nyingi: diski ilitoka kwenye Linux au Mac, ambazo hupanga mafaili kwa namna yao, au orodha ya mafaili imeharibika huku mafaili yenyewe yapo, au kebo haishiki vizuri. Jibu sahihi ni kukifunga kisanduku bila kukubali na kujaribu kompyuta nyingine, kasha jingine, au Linux iliyowashwa kutoka kwenye fleshi, ambayo husoma mipangilio mingi bila kudai malipo.

Ukuta mwingine hauvunjiki kwa ujanja wowote. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni husimba diski zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wenye mashine wengi hawajui kama jambo hilo limefanyika. Diski ya namna hiyo ikiwekwa kwenye kasha itadai ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, ambalo ndilo jina la usimbaji huo. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ile ile ya Microsoft, na hupatikana kwa kuingia kwenye tovuti yao kutoka kifaa chochote. Mwenye kompyuta ambayo bado inawaka lakini inaelekea kufa afanye jambo moja leo: auandike ufunguo huo pembeni, au azime usimbaji kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.

Diski ikishafunguka, hatua ya kwanza ni kunakili, na ya pili ni kuipima afya. Mpangilio huo usigeuzwe. Yale yasiyopatikana tena popote, picha na nyaraka, yatangulie. Filamu na nyimbo zifuate. Kama diski inasoma kwa kusuasua au kukwama kwenye faili fulani, isipewe amri ya kujirekebisha, kwa sababu amri hiyo huilazimisha kuzunguka sahani nzima na kuandika juu ya orodha iliyo dhaifu. Ipo programu ya Linux iitwayo ddrescue ambayo hunakili kwanza sehemu nzima na kurudi baadaye kwenye zilizo mbovu. Mafaili yaliyotoka mashine ya zamani yapitishwe kwenye kizuia virusi kabla ya kufunguliwa, maana diski huhamisha kila kitu, wageni wasioalikwa wakiwemo.

Afya ya diski imeandikwa ndani yake yenyewe. Tangu miaka ya 1990 diski zimekuwa zikiweka daftari liitwalo SMART, lenye saa ilizofanya kazi, mara ilizowashwa, na makosa iliyoyaona. Kwenye Windows daftari hilo husomwa kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Mistari ya kutazamwa ni miwili: namba 05, idadi ya vipande vya sahani vilivyokufa na kubadilishwa kwa vya akiba, na namba C5, vipande vinavyotiliwa shaka. Sifuri kwa zote mbili ni habari njema. Namba ndogo ya 05 ambayo haibadiliki miezi nenda rudi inavumilika. Inayopanda kila wiki ni barua ya kuaga. Programu hiyo huonyesha hesabu zake kwa mfumo wa heksadesimali isipobadilishwa, kwa hiyo 1F ni 31. Makasha mengine ya bei ya chini hayapitishi daftari hili, na hapo masikio ndiyo yanayobaki kuwa kipimo: mlio wa kugonga unaojirudia, umeme ukiwa wa kutosha, ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kuikosa. Kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, kwenye mto wa hewa unaotokana na mzunguko wenyewe. Ndiyo sababu diski ya sahani inayozunguka haigeuzwi wala haihamishwi mezani. Hata ikishachomolewa hupewa sekunde kumi za kutulia. SSD haina sehemu inayotembea na haijali.

Diski iliyopimwa ikaonekana nzima, na mafaili yake yakiwa yamenakiliwa mahali pengine, sasa inaweza kufomatiwa ili iwe hifadhi moja safi. Kwenye Windows kazi hiyo hufanyika kwenye Disk Management. Itakataa kufuta kile kisehemu kidogo cha kuwashia mfumo cha diski ya zamani. Kinachokiondoa ni amri ya clean ya programu ya diskpart, ambayo hufuta mpangilio wote wa diski iliyochaguliwa bila kuuliza hata mara moja. Namba ya diski ihakikishwe kwa ujazo wake, na diski nyingine zote za nje zichomolewe kwanza. Watu wamefuta diski nzima isiyokusudiwa kwa kukosea namba moja.

Uchaguzi wa mfumo wa mafaili unategemea diski itaishi wapi. FAT32 husomwa na kila kitu, runinga, redio ya gari, king'amuzi, lakini haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, na filamu moja yenye ubora mzuri hupita hapo. exFAT, ya Microsoft ya mwaka 2006, haina kizuizi hicho na husomwa na kuandikwa na Windows na Mac sawasawa. NTFS ni ya Windows; Mac huisoma lakini haiandiki, na runinga nyingi huikubali. Washauri wengi hupendekeza exFAT bila kufikiri. Kwa anayeishi na umeme wa kukatika na anayetumia Windows peke yake, NTFS ni bora, kwa sababu huweka kumbukumbu ya kila badiliko la orodha ya mafaili kabla ya kulifanya, na diski ikizimika katikati ya kuandika huweza kujipanga upya. exFAT haina kumbukumbu hiyo. Jambo hili huwagusa zaidi wenye makasha ya inchi 3.5: umeme ukikatika, mpakato hubaki kwenye betri yake huku diski iliyo kwenye adapta ikizimika papo hapo. Kwa diski inayozidi terabaiti 2 mpangilio wa sehemu zake uwe GPT, kwa sababu ule wa zamani wa MBR hauhesabu zaidi ya hapo, na makasha ya IDE na ya SATA ya mwanzo yanaweza kushindwa kuuona ujazo huo wote.

Matumizi baada ya hapo ni mengi. Mpiga video wa harusi anapata mahali pa kuweka kazi za mwaka jana, mwenye kibanda cha kuingizia nyimbo na filamu anapata ghala, PS4 huikubali diski ya nje ya USB 3.0 yenye gigabaiti 250 au zaidi kwa ajili ya michezo, na runinga iliyo na tundu la USB inapata maktaba. Inafaa sana kuwa nakala ya pili ya mafaili yaliyopo tayari kwenye kompyuta. Kuwa nakala pekee haifai. Diski ambayo imeshafanya kazi miaka saba ndani ya mpakato, ikabebwa kwenye daladala na kuangushwa mara moja au mbili bila mtu kusema, imekula sehemu kubwa ya maisha yake, na kasha jipya haliyarudishi.

Asiyeihitaji na anayetaka kuiuza ana kazi moja zaidi. Kufomati kwa haraka hufuta orodha tu. Mafaili hubaki kwenye sahani na programu za bure huyarudisha kwa dakika chache, jambo ambalo wanunuzi wa diski zilizotumika wanalijua vizuri. Kwenye Windows, kufomati kukamilifu, yaani kuondoa tiki kwenye kisanduku cha haraka, huandika sifuri juu ya diski nzima. Kwa gigabaiti 500 kupitia USB 3.0 huchukua saa moja na nusu au mbili, na kwa diski ya sahani inatosha. Kwa ofisi, zahanati na shule suala hili ni la kisheria pia, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Diski yenye majina ya wagonjwa au wanafunzi haiuzwi kama chuma chakavu.

Diski inayogonga haifai kasha wala haifai kuuzwa. Ikiwa na kitu cha thamani, iachwe imezimwa mpaka ifike kwa mtaalamu wa kuokoa data, kwa sababu kila inapowashwa kichwa kilichoharibika huendelea kukwangua sahani. Isipokuwa na cha thamani, sahani zake ziharibiwe na mabaki yapelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Anayekusudia kutumia nyundo akinge macho kwanza: sahani za diski nyingi za inchi 2.5 ni za kioo.